Dole Gumba la Chumba 318

Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2002, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na minane alitia saini katika daftari la wafanyakazi wa hoteli moja kubwa ya ufukweni. Saini iko mstari wa kumi na moja kutoka juu, imeinama mbele kama mtu anayepita mlango mfupi. Daftari lenyewe bado lipo kabatini, ofisi ya utumishi. Siku hiyo alipewa sare mbili, jozi ya viatu vya mpira na vyumba kumi na vinne vya ghorofa ya chini, avitandike, avifagie na avipige deki kabla ya saa nane mchana.

Kazi hiyo aliifanya karibu miaka ishirini na miwili. Ukimwuliza ametandika vitanda vingapi, hucheka. "Hesabu mwenyewe," husema. "Mimi nilikuwa natandika." Wenzake walimbatiza Mama Kona kwa jinsi alivyokunja pembe za shuka. Zilikaa bapa na kali kama bahasha iliyobandikwa, na wasichana wapya waliletwa kwake wajifunze kwa kutazama mikono, maana maneno hakuwa nayo mengi.

Miezi mitatu baada ya kuajiriwa aliomba kitu ambacho hakuna mhudumu wa vyumba aliyewahi kukiomba. Aliomba ahamishiwe ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu ilikuwa jela. Lifti ya wafanyakazi ilikuwa inagoma siku mbili kwa wiki, na siku hizo shuka zilipanda ngazi mgongoni mwa mtu. Mwenye zamu ya huko alipoambiwa kuna anayetaka kubadilishana naye, aliuliza kama mtu huyo ana akili timamu, kisha akakubali kabla hajajibiwa. Ndivyo Mama Kona alivyopata vyumba vya 304 hadi 318. Ukihesabu kwa vidole utapata kumi na tano, lakini ni kumi na vinne, kwa sababu baada ya 312 inakuja 314. Wako wageni wasiotaka kulala katika namba kumi na tatu, na hoteli haigombani na wageni.

Alichokuwa anakitaka kilikuwa chumba cha mwisho cha zamu hiyo, 318. Na ndani ya 318, bafu. Na ndani ya bafu, mahali padogo nyuma ya mlango.

Mumewe alikuwa fundi marumaru. Hoteli ilipojengwa, mwaka 1996 na 1997, yeye na mwenzake mmoja ndio waliopewa mabafu ya ghorofa ya tatu, wakapokezana: huyu hili, yule linalofuata, mpaka mwisho wa korido. Fundi alikuwa na tabia yake. Katika kila jengo alichagua bafu moja, na kabla simenti nyeupe ya kwenye mistari haijakauka alibonyeza humo dole gumba lake la kulia, mahali pasipotazamwa. Msimamizi angeliona, mshahara wa siku ungekwenda na maji. Dole hilo lilikuwa na kovu. Mashine ya kukatia marumaru ililipasua kwa kukingama alipokuwa kijana, kwa hiyo alama yake ilikuwa na ufa katikati, kama punje ya kahawa.

"Wenye nyumba wana hati," alimwambia mkewe. "Mimi nina dole."

Katika hoteli ile alichagua 318, nyuma ya mlango wa bafu, marumaru ya tatu kutoka chini. Siku ya ufunguzi mafundi walipewa soda moja moja wakatolewa kwa geti la nyuma, na tangu hapo hakuingia tena. Hata mkewe alipoajiriwa, kanuni ilikuwa wazi: jamaa za wafanyakazi mwisho getini. Kila jioni Fundi alikuja na baiskeli yake, akasimama ng'ambo ya barabara kumsubiri.

"Umepita kwangu leo?" alikuwa akiuliza.

"Nimepita. Nimekufuta vumbi."

Na kweli alipita, kila siku ya kazi. Pale nyuma ya mlango, marumaru ya tatu kutoka chini, kulikuwa na kishimo kwenye simenti, upana wa dole la mwanamume. Ufa wa kovu hakuuona. Alijiambia kwamba brashi za wahudumu waliomtangulia zimeufuta, na hilo hakumwambia mumewe hata mara moja, asije akamvunja moyo. Yeye mwenyewe hakupagusa kwa brashi. Alikuwa anapapitishia kitambaa kikavu, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Chumba 318 hutazama bahari kwa ubavu. Kwenye orodha ya bei ni chumba cha wastani, na waliolala humo walikuwa watu wa wastani, wenye mizigo yao. Mama Kona hakuzungumza nao sana, lakini aliwajua kwa walivyoviacha vitanda. Alimjua bwana aliyekaa siku tisa bila kufungua pazia. Aliwajua maharusi waliolala kila mmoja ukingoni kwake, katikati ya kitanda shuka haikupata hata mkunjo. Aliwafundisha wasichana wapya kwamba bomba likisikika muda mrefu bafuni na taulo likabaki kavu, mgeni hakuoga, alilia. Siku hiyo umwongezee sabuni na usimwulize kitu.

Na aliwafundisha kanuni ya kwanza, aliyofundishwa yeye mwenyewe siku yake ya kwanza. Mgeni akisema taulo hili si langu, au saa yangu sikuiweka hapa, au hiki si chumba nilichoonyeshwa, usimwambie amesahau. Sema, "Samahani, ngoja niangalie." Halafu uangalie kweli. Mara tisa mgeni atakuwa amekosea. Mara ya kumi atakuwa sahihi, na hiyo ndiyo itakayokufukuzisha kazi.

Ugonjwa wa Fundi ulianza na mwiko. Aliusahau kwa mteja, akaufuata, akarudi bila mwiko na bila kujua alikuwa amefuata nini. Huo ulikuwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata alitengeneza bafu la jirani, akabandika marumaru za sakafuni ukutani. Jirani alimlipa yote, akamshukuru, kisha akaleta fundi mwingine kimyakimya. Baada ya hapo sanduku la vifaa liliingia chini ya kitanda. Ziko siku alizokuwa mzima kabisa, anatania, anakumbuka hata jina la mbwa wa msimamizi wa mwaka 1997. Na ziko siku alizokaa mlangoni amevaa viatu, akisema anakwenda kumchukua mkewe kazini, na mkewe yuko palepale anamenya viazi.

Hoteli ina zawadi kwa anayestaafu bila barua ya onyo. Anapewa siku mbili za kuishi kama mgeni, yeye na mwenzi wake, katika chumba cha mbele kinachotazamana na bahari uso kwa uso, chakula juu ya hoteli. Mama Kona hakuwa na barua ya onyo hata moja. Aliitwa kwa meneja, akaulizwa angependa chumba gani cha mbele.

"318," akasema.

"Mama, hicho si cha mbele. Na ghorofa ile tunaifunga."

"Najua. Ndiyo maana."

Tangazo lilikuwa ubaoni tangu Aprili. Ghorofa ya tatu ingebomolewa ndani yote, mabafu kwanza, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Juni 2024. Meneja aliuliza kuna nini katika chumba hicho. Mama Kona akamjibu kuwa kuna kitu cha mume wake. Meneja alikuwa mtu wa haraka. Alidhani ni utani wa wazee wa hoteli, akacheka, akatia saini.

Lilibaki basi jambo la siku mbili. Fundi aweke dole lake mahali alipoliacha, huku bado anajua ni lake. Jumatatu ikishafika, mahali pangekuwa hapapo. Na kwa jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda nyumbani, kabla ya mwaka kwisha hata wa kujua asingekuwepo.

Waliingia Ijumaa, Mei 31, ambayo kwenye karatasi ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Mkwe wao aliwaleta kwa gari lake mpaka geti la mbele. Mlinzi aliyekuwa akipekua mkoba wa Mama Kona kila jioni alipiga saluti.

"Leo sipekui, Mama Kona. Leo wewe mgeni."

"Pekua tu, mwanangu. Usipopekua sitalala usingizi."

Mapokezi waliletewa sinia la taulo ndogo, zilizoviringishwa na kupoozwa. Fundi aliichukua yake, akaigeuzageuza. "Hiki nifute nini?"

"Uso, mzee wangu."

"Nimeoga mimi."

Msichana wa mapokezi alicheka mpaka machozi. Kisha akamfunga mkononi ile bangili ya plastiki wanayovaa wageni wote. Fundi akaitazama, akainua macho kwa mkewe.

"Nimelazwa tena?"

Msichana alicheka na hilo pia, kisha akauona uso wa Mama Kona, akanyamaza.

Chumbani hakungoja hata kufungua mizigo. Alimwingiza Fundi bafuni, akamkalisha kwenye kigoda, akafunga mlango, akawasha taa zote mbili.

"Haya, mzee wangu. Umefika kwako."

Fundi alitazama ukuta kwa muda. Ilikuwa siku njema; tangu alfajiri hakuwa amepotewa na neno hata moja. Alipitisha ukucha kwenye mstari wa simenti, chini kwenda juu, kisha kwa upande. Aligonga marumaru mbili kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Siyo yangu hii," akasema.

"Ni yako. Nyuma ya mlango, tatu kutoka chini. Si wewe uliyeniambia?"

"Nilikuambia, ndiyo. Lakini kazi hii si yangu. Tazama vipande." Alionyesha kando ya mlango, pale marumaru zilizokatwa zilipopangwa, nyembamba kama rula. "Vipande viko mlangoni, kila anayeingia anakutana navyo. Mimi vipande naficha nyuma ya choo. Huyu ni mwenzangu. Yeye anaanzia dirishani anamalizia mlangoni, nimemwambia mpaka nimechoka."

"Baba, umesahau tu. Ni miaka ishirini na saba."

"Sijasahau."

"Ni ugonjwa. Si kosa lako. Ni hapahapa, nimepafuta vumbi miaka yote."

Aliyasema hayo kwa upole, kwa ile sauti ya kumwambia mtoto anayekataa dawa. Fundi alimtazama, akautazama ukuta. Baadaye Mama Kona alikumbuka kwamba uso ule haukuwa wa mtu aliyechanganyikiwa. Ulikuwa wa mtu anayepima kama jambo linastahili ugomvi.

"Haya," akasema. "Kama unasema ni yangu, ni yangu."

Akanyoosha mkono, akaweka dole kwenye kishimo. Liliingia nusu, likakaa upande. Mama Kona alimpiga picha kwa simu, akamtumia binti yao. Chini yake aliandika: Amepaona.

Binti alijibu papo hapo: Mungu mkubwa.

Jumamosi ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Asubuhi aliyerithi zamu yake, msichana anayeitwa Chapchap kwa mwendo wake, alisukuma toroli hadi 318, akabisha, akaingia, akasimama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, pembe nne kali, mito imesimama. Bafu linang'aa. Hata kikapu cha taka kilikuwa kitupu.

"Mama Kona! Sasa mimi nifanye nini?"

"Kapumzike."

"Nikapumzike? Msimamizi akikagua atasema hii si mikono yangu. Pembe zangu anazijua!" Akang'oa shuka kwa hasira za uongo, akaanza kutandika upya. "Toka nje, mgeni. Nenda ukaungue jua kama wenzako."

"Vuta kushoto. Kushoto kwako."

"Na mgeni hafundishi kazi!"

Walikwenda kukaa kando ya bwawa la kuogelea. Fundi hakuyajali maji. Alipiga magoti ukingoni na kuanza kugonga marumaru kwa kifundo, moja baada ya nyingine, sikio limeinama. Mgeni mmoja mnene aliyelala kwenye kiti cha jua aliinuka kumtazama, akidhani ni mkaguzi wa serikali, akavuta taulo lake miguuni kwa heshima.

"Hii haina kitu chini," Fundi alimwambia mtunza bwawa. "Na hii. Na ile ya pili kutoka kwenye ngazi. Mtu ataikanyaga itamkata."

Mtunza bwawa aligonga kwa mpini wa brashi yake. Zote tatu ziliitika kama debe.

"Mzee, nani kakuambia siri za hoteli?"

"Zenyewe," Fundi akajibu.

Mama Kona alicheka kuliko alivyowahi kucheka mwaka ule. "Kichwa kimeugua," alimwambia mtunza bwawa, "lakini masikio yake bado yana kazi." Alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akaagiza chai.

Jumapili Fundi aliamka akiwa mbali. Mama Kona alimjua kabla hajasema neno, kwa jinsi alivyokaa ukingoni mwa kitanda akitafuta viatu kwa miguu. Alipomvalisha shati alimwambia, "Asante, dada." Siku za namna hii huweza kuisha jioni, au zisiishe wiki nzima.

Muda wa kutoka ulikuwa saa tano. Mezani kulikuwa na fomu ya maoni ya mgeni, ile ile aliyokuwa akiiweka mezani kwa mkono wake, kalamu juu yake, kila siku ya kazi. Aliona ni adabu kuijaza. Chakula: kizuri sana. Usafi: mzuri sana. Swali la saba lilisema: Je, kuna jambo lolote chumbani lililokuwa tofauti na ulivyotarajia? Aliandika: Hakuna.

Mlango ukabishwa. Alikuwa fundi bomba wa hoteli, mzee wanayemwita Babu Koki, aliyeingia wakati wa ujenzi na hajatoka mpaka leo. Wageni wengine wote wa ghorofa ya tatu walikuwa wameshahamishwa, naye alikuwa anapita chumba kwa chumba akifunga maji.

"Mama Kona, samahani, nimeambiwa mpaka saa tano, lakini..." Akamwona Fundi kitini. "Ala! Wewe! Bado unapumua?"

"Salama, bwana. Karibu," Fundi alisema kwa adabu, kama anavyosalimiwa mtu wa njiani.

Babu Koki aliteremsha sauti. "Hanijui?"

"Leo hajui mtu."

"Pole, dada yangu. Pole sana." Aliweka spana chini. "Sasa vyumba vyote vya mbele vile, mkaja kujibana huku?"

Mama Kona alimpeleka bafuni. Alimweleza habari ya dole, akafunga mlango, akamwonyesha kishimo. Babu Koki aliinama, akavaa miwani, akaanza kucheka kwa huruma.

"Hiki? Hiki ni changu mimi. Hapa palikuwa na skrubu ya kuzuia mlango usigonge ukuta. Niliing'oa mwenyewe, nikaziba na simenti. Wewe umekuwa unafuta vumbi tundu la skrubu."

"Aliniambia 318."

"318 ipi? Ya zamani au ya sasa?"

Mama Kona aliinua macho kutoka kwenye kishimo.

"Si walibadilisha namba?" Babu Koki akaendelea. "Mwaka wa tatu wa hoteli, wewe hujaja. Alikuja mgeni akapewa 313, akalala kwenye kochi mapokezi, akasema yeye humo haingii hata kwa bunduki. Wakubwa wakaamua kumi na tatu ife. 313 ikawa 314, 314 ikawa 315, mpaka mwisho wa korido. Vibao nilivifungua mimi kwa bisibisi, nikavisogeza mlango mmoja mmoja. Fundi alikwenda na namba za zamani."

"Kwa hiyo 318 yake..."

Babu Koki aligonga kwa spana ukuta ulio mkabala na mlango.

"Hiyo hapo. Upande wa pili."

Chumba 319 kilikuwa cha kwanza katika zamu ya mhudumu mwingine. Mama Kona alikuwa amepita mbele ya mlango wake kwa miaka yote, na labda aliingia mara kumi, kuazima sabuni. Sasa kilikuwa kimeshavuliwa. Godoro halipo, mapazia yamerundikwa sakafuni. Babu Koki alifungua bafu, akamulika kwa tochi, kwa sababu taa nayo ilikuwa imeshatolewa.

Bafu lilikuwa lile lile, limegeuzwa tu kama glavu ya pili. Kando ya mlango marumaru zilikuwa nzima zote. Vipande vilikuwa nyuma ya choo. Mama Kona alifunga mlango, akachuchumaa, akahesabu: moja, mbili, tatu. Punje ya kahawa ilikuwa pale, na ufa wake katikati, na mistari yote midogo ya ngozi, kama imebonyezwa asubuhi ile. Hakuna aliyewahi kuisugua. Hakuna aliyewahi kuifuta vumbi.

Alikaa chini.

"Aliniambia," akasema.

"Nani?"

"Ijumaa. Aliniambia siyo yake. Akanionyesha mpaka vipande. Nikamwambia amesahau."

Babu Koki alizima tochi, kisha akaiwasha tena, maana hakujua la kufanya na mikono yake.

Mama Kona akaenda kumchukua mumewe. Ni hatua sita kutoka mlango hadi mlango. Fundi alikubali kushikwa mkono, akatembea kwa utulivu, akitazama kuta za korido kama mgeni anayeonyeshwa chumba. Bafuni Mama Kona alipiga magoti, akamwinamisha, akalishika dole lake la kulia na kuliweka kwenye alama. Kovu lilikaa sawasawa juu ya ufa. Lakini dole lilikuwa limekonda. Lilicheza ndani ya alama yake kama mguu ndani ya kiatu cha mtu mwingine.

"Ni lako, mzee wangu. Ulikuwa sahihi. Unasikia? Ulikuwa sahihi."

Fundi aliacha mkono pale kwa muda, kwa kumridhisha, kisha akauondoa polepole.

"Asante, dada. Chumba kizuri," akasema. "Lakini msihangaike, mimi si mgeni. Namsubiri mke wangu amalize kazi, tuondoke wote."

"Ameshamaliza."

"Atatokea geti gani? La nyuma?"

"La mbele."

"Basi nitamsubiri huko."

Babu Koki alijitolea kuing'oa marumaru ile ili Mama Kona aende nayo nyumbani. Mama Kona aliuliza kama alama ingetoka nzima. Babu Koki alikwaruza simenti ya mstari mwingine kwa ncha ya bisibisi, ikamwagika unga mweupe kiganjani mwake. Marumaru ingetoka, akasema. Dole halikuwa kwenye marumaru. Mama Kona akamwomba asipaguse. Alijaribu kupiga picha mara tatu, lakini ilikuwa nyeupe ndani ya nyeupe, na kwenye simu haikuonekana kitu. Picha ya Ijumaa, ya tundu la skrubu, ilikuwa imetoka vizuri, kila kitu wazi, na Fundi akitazama kamera.

Alirudi 318 kuchukua mizigo. Fomu ilikuwa bado mezani. Alikata neno lake la kwanza kwenye swali la saba kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: Mgeni alisema kweli. Mhudumu hakuangalia. Aliiacha hapo, kalamu juu yake, kama inavyotakiwa.

Waliondoka saa tano kasoro robo. Mlinzi wa geti la mbele aliwapungia, na Fundi, kwenye kiti cha nyuma cha gari la mkwe wake, aligeuka kutazama lango la hoteli mpaka likapotea. Alikuwa anamtafuta mkewe.

Jumatatu saa mbili asubuhi mafundi wataingia ghorofa ya tatu na kuanza kubomoa mabafu. Wataanzia 324 na kurudi nyuma, matatu kwa siku, kwa hiyo 319 watalifikia Jumanne mchana. Mama Kona hatakuwepo. Saa hiyo huwa anamwogesha mumewe.